Mikungu ya Harusi Iliyokataa Kuiva

Ukimuuliza mtu wa Bilele, hapa Bukoba, nilikuwa nafanya kazi gani, atakwambia, "Yule mama anayeulizauliza." Hajui niliuliza nini wala kwa faida ya nani, na simlaumu. Kuna watu wa maabara wanatengeneza kitu kipya. Kitu chenyewe bado hakijafika dukani, pengine hakijapata hata jina, na mimi natumwa majumbani kuulizia kitawafanya watu nini siku kikifika. Yaani nilikuwa nabisha hodi kuulizia tabia za mtoto ambaye hajazaliwa.

Sasa magoti yamegoma na nimestaafu. Nasikia ninyi vijana mnachukuliwa kwa kazi hiyohiyo, mkiwa na vyeti vya chuo na simu za kujazia majibu. Vizuri sana. Mimi niliishia darasa la sita. Wazazi walitangulia wakafuatana, nikabaki mkubwa wa wadogo zangu, na mdogo kabisa, Deus, alikuwa hata hajaota meno ya mbele. Mwalimu alikuja nyumbani kuuliza kwa nini sionekani shuleni. Niligeuka nikamwonyesha Deus mgongoni, amelala na kunidondoshea mate. Mwalimu akatikisa kichwa, akarudi alikotoka. Nawaambia hili kwa sababu huyo Deus ndiye atakayetuletea balaa huko mbele.

Aliyenifundisha kuuliza ni Ta Kalikawe, mzee aliyezunguka Bukoba na Muleba yote akiwauliza watu habari za mbegu na mbolea kabla mimi sijaanza. Alinichagua kwa sababu moja tu: namenya ndizi haraka. Aliamini huwezi kumhoji Mhaya akiwa amekaa kwenye kiti anakutazama, kwa maana atakupa jibu la wageni. Mkute jikoni anamenya, chukua kisu, menya naye. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unasahau kujipamba.

Alinionya pia kuhusu kahawa ya kutafuna. Ukishaipokea na kutafuna, wewe ni mgeni rasmi, na mgeni haambiwi hapana. Ukimuuliza baada ya hapo kama anakipenda hicho kitu kipya, atakipenda hata kama ni kichaa cha mbwa. Kwa hiyo Ta Kalikawe hakuuliza kamwe kama mtu anapenda. Alikuwa na swali lake: "Hiki kitu kikifanikiwa sana, nani atanuna?" Watu hawapendi kusema wao wenyewe watanuna, lakini kumsema jirani, hapo utakaa mpaka ndizi ziungue.

Kazi ilinikolea nilipoingia kwenye mambo ya nano. Bosi wetu alikuwa Dokta Hilda, binti wa Kihaya, mdogo kwangu kwa mbali, mwenye akili nyingi na haraka nyingi zaidi. Tofauti na wengine, yeye alitaka lawama mapema. Alituambia tumletee ubaya wa kitu chake kingali kichanga, maana kikishakomaa hakuna atakayekubali kukigusa.

Tatizo la kwanza lilikuwa kueleza nano ni nini. Tulifundishwa kusema: chukua unywele mmoja, upasue kwa urefu, upasue tena na tena, mpaka ufike kwenye kitu kidogo kisichoonekana. Nikamweleza bibi mmoja wa Ijuganyondo. Akashika kichwa chake, kimenyolewa kama yai, akaniuliza yeye apasue nini. Nikajaribu unga, nikajaribu vumbi la barabarani. Mwishowe nikapata mfano wangu. Nikawaambia: jirani anakaanga senene. Huwaoni, huwashiki, lakini kuna kitu kimeruka ua, kimeingia puani kwako, na sasa matoke yako hayana ladha tena. Basi hicho kilichoruka ua ni kidogo kiasi hicho. Dokta Hilda alikunja uso, akasema kisayansi siyo sawasawa. Baadaye nikamsikia akiutumia mfano huo kwa wageni wake.

Kabla ya ndizi palikuwa na turubai la dagaa. Maabara walilipaka utando wa nano ili dagaa wasigande wakati wa kuanikwa. Tukalipeleka kisiwani upande wa Muleba, kwa akina mama wanaofuata wavuvi kutoka Ukerewe, Kigoma na kwingineko. Mezani kule mjini lilikuwa zuri mno. Lakini kisiwani watu huanika kwenye miamba, na miamba ile imeinama kuelekea ziwani. Akina mama wakalitandaza, wakamwaga dagaa. Dagaa wakateleza taratibu wote kwa pamoja, kwa heshima kabisa, wakarudi ziwani. Mchuuzi mmoja, Mama Siwema, alibaki ameshika ndoo tupu. Akaniuliza, "Dada, hii mashine ni ya kukausha au ya kuwarudisha kwao?" Swali hilo lilitoka kisiwani mpaka maabara, na turubai likatengenezwa upya, upande mmoja laini, upande mwingine wa kukwaruza. Hiyo ndiyo faida ya kuuliza mapema. Tulipoteza ndoo ya dagaa, hatukupoteza msimu wa watu.

Haya, ndizi. Dokta Hilda alitengeneza dawa ya kuchovyea mikungu. Ukishachovya inakauka na kuacha utando usioonekana, na ndizi inakaa kijani muda mrefu, hata ikisafirishwa mbali. Mnajua wenyewe mkulima wa huku anavyoteseka. Mnunuzi akishajua kwamba ndizi haiwezi kusubiri, yeye ndiye anayesubiri. Dawa ilitokana na maganda ya kamba, wale wa baharini. Katekista wa pale Ijuganyondo aliuliza kama ndizi iliyopakwa maganda ya mnyama inaliwa Ijumaa ya Kwaresima. Dokta Hilda akasema somo hilo hakulipata chuoni. Katekista alitafakari mpaka mwisho wa mkutano, kisha akatangaza kwamba kamba ni samaki, samaki si nyama, na watu waendelee.

Nyumba mojawapo ya majaribio ilikuwa ya kwetu, hukohuko Ijuganyondo, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, alichotuachia baba, ambako anaishi baba mdogo, Ta Byabato. Huyu ni mtu mpole, mkaidi, na fundi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, asiye na mpinzani. Nilimenya naye ndizi, nikamuuliza yote. Ladha je? Hakuna shida, waitu, akanijibu kwa heshima ya Kihaya. Mapishi je? Hakuna shida. Nani atanuna? Madalali. Tukacheka sote. Ndoo iliyobaki na dawa nikaiacha kwenye stoo yake kwa ajili ya awamu ya pili.

Wakati huohuo Deus, yule wa mgongoni, alikuwa ameota meno yote na kupata mchumba. Adela, fundi cherehani wa Nshamba, msichana anayecheka kwa sauti mpaka wateja wanasahau walichofuata. Mahari tulishakubaliana na baba yake, Ta Rwechungura. Ilibaki pombe. Na kwa mzee yule pombe haikuwa jambo dogo. Ilitakiwa itoke kwenye kibanja cha ukoo wa kijana na ikanyagwe na wanaume wa ukoo huo. Watu walitusimulia kwamba posa moja ya binti yake mkubwa iliwahi kufika na madumu ya kununua. Alinusa mdomo wa dumu la kwanza tu, akasema hii ni ya sokoni, akaingia ndani na kufunga mlango, wageni wakabaki na madumu yao uani. Halafu kulikuwa na mwenye duka mmoja aliyekuwa akimtaka Adela, na alikuwa bado hajakata tamaa. Siku ilishapangwa, ndugu walishaitwa. Pombe isipofika, Deus hana mke.

Sasa mfuateni Ta Byabato polepole, maana kwa akili yake hakukosea popote. Alikata embire zake nzuri kuliko zote. Mnazijua embire, ndizi za pombe, hazina kazi nyingine duniani. Alizitazama akaona ni za harusi ya mtoto wa marehemu kaka yake. Akakumbuka kwamba stoo kuna dawa ya kitaalamu inayofanya ndizi ziwe salama. Mtoto akienda kanisani si unamwogesha kwanza? Basi akaichovya mikungu yote, mmoja baada ya mwingine, kwa upendo mkubwa. Mingine akaipandisha kwenye uchanja juu ya jiko, mingine akaivundika kwenye shimo, akafunika majani, akawasha moto, akakaa kusubiri ziive.

Bado anasubiri.

Deus alinipigia simu. "Dada, zimegoma."

Nilifika nikakuta ndizi kijani, zinang'aa, zina afya kuliko sisi sote. Ta Byabato alikuwa hajielewi. Alikuwa ameongeza moshi mpaka majirani wakaja na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Alikuwa ameweka maparachichi yaliyoiva katikati yake, ili ziige. Alikuwa amezifunika blanketi lake. Nilipoingia alikuwa amekaa kwenye kigoda anazigombeza kwa Kihaya, akizikumbusha ukoo zilikotoka.

Nikamuuliza kama alizifanya chochote.

"Nilizipaka ile dawa yako, Yustina. Nilitaka zipendeze."

Nilikaa chini. Nikampigia Dokta Hilda.

"Hazijaiva mpaka leo?" akauliza. "Hata kwa moshi? Hata kidole kimoja?"

"Hata kimoja."

Nikasikia kiti kinaanguka upande wa pili. Alikuwa amesimama kwa furaha. Akasema hayo ni matokeo makubwa, hata maabara hawajawahi kuzijaribu kwa moshi. Nikamwacha afurahi, kisha nikamweleza kwamba matokeo hayo makubwa yanamnyima mdogo wangu mke.

Nikasikia akikiinua kiti. Kisha akasema taratibu, "Ma Yustina, sisi sote tulimfikiria anayetaka ndizi isiive. Hakuna aliyemfikiria anayetaka iive."

Ilikuwa kweli. Yeye amekulia kwenye rubisi, mimi nimekulia kwenye rubisi, Ta Kalikawe alizikwa watu wakinywa rubisi. Tumeuliza juu ya walaji, wachuuzi, madereva, madalali na Ijumaa ya Kwaresima. Pombe hatukuiuliza, kwa sababu ilikuwa karibu mno na macho.

Dokta alikuja na gari siku ileile. Akasema utando ule unalegea kwenye kitu kichachu. Basi Ijuganyondo ikakamuliwa malimau yote iliyokuwa nayo. Shangazi, binamu, majirani, hata wale waliokuja na ndoo za kuzima moto, tukakaa uani tukaosha ndizi kidole kwa kidole, kwa tambara na maji ya malimau yenye uvuguvugu, kama watoto wachanga. Dokta Hilda na glavu zake alikuwa katikati yetu, akiwafokea watu wasisahau sehemu ya shingo. Ta Byabato alisema ameshaogesha watoto na ng'ombe, lakini kama angeambiwa ataishi mpaka kuogesha ndizi angemwomba Mungu amchukue mapema. Katekista alikuwa anapita. Akaombwa aseme neno. Akasema hana sala ya jambo hili, lakini atakaa kusaidia, na akachukua tambara.

Mkumbuke vijana, mpaka hapo sote tulikuwa kazini. Nilimwona Dokta kwenye kile kigoda akifikiri huku anasugua. Dawa hiyo sasa ina rangi ya samawati hafifu, ili mkungu uliochovywa ujulikane, na kila ndoo inakuja na maelezo ya jinsi ya kuuosha. Na swali letu likaongezewa mwenzake. Baada ya kuuliza nani atanuna, uliza: "Na wewe utaifanyia nini ambacho sisi hatujakwambia?" Kisha nyamaza. Usimsaidie. Menya ndizi.

Ndizi zikaanza kuiva, lakini kwa hasira. Huyu kidole manjano, ndugu yake kijani, wa tatu mweusi upande mmoja. Siku ya kukanyaga tukamimina zilizokubali kwenye mtumbwi wa kukamulia, tukaweka nyasi, wanaume wakapanda kukanyaga. Kila walipokanyaga, zile ngumu zilichomoka kama sabuni. Moja ilimpiga katekista. Deus aliteleza akakalia zingine, na Ta Byabato akasema hizo nazo zihesabiwe kuwa zimekanyagwa. Juisi ilipatikana kidogo. Tukatia mtama uliokaangwa, tukasubiri. Mwishoni kilijaa kibuyu kimoja, tena si kibuyu kikubwa.

Tulikwenda Nshamba hivyohivyo, ukoo mzima umevaa vizuri nyuma ya kibuyu kimoja. Mimi nilivaa gomesi nililoazima, na pembeni nilibeba mkungu mmoja uliobaki kijani, maana Ta Byabato alisema bila ushahidi tutaonekana waongo. Adela alichungulia kutoka mlangoni, akaona kibuyu, akaacha kucheka. Hapo ndipo mimi niliogopa.

Ta Rwechungura alikitazama kibuyu, akatazama nyuma yetu kuona kama kuna gari jingine linakuja.

"Nyingine iko wapi?"

"Ndiyo yote, waitu," akasema Ta Byabato.

Mzee akainama akanusa. "Hii ni ya kibanja," akasema. "Hilo siwezi kukataa. Lakini mmeifanya nini?"

Dada yake, shangazi wa Adela, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Ina limau."

Ikabidi Ta Byabato aeleze. Alieleza yote, kuanzia ndoo mpaka parachichi mpaka kuogesha, kwa uso wa mtu anayeungama, na hakuna aliyemcheka kwa sababu hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Kisha nikaweka mkungu wa kijani katikati ya mkeka. Nikasema huu ulikatwa pamoja na hizo zilizomo kwenye kibuyu. Ta Rwechungura akabonyeza kidole kimoja cha ndizi, kikagoma. Akabonyeza kingine. Akakaa sawasawa.

"Kwa hiyo nikichovya ndizi zangu za kupika, mnunuzi akinizungusha, nami namzungusha?"

"Unaweza," nikamwambia.

"Na adui yangu akizichovya embire zangu usiku wa kuamkia sherehe?" akauliza shangazi. "Hilo mmelifikiria?"

Basi pakachafuka. Mmoja akataka dawa itunzwe kwa mwenyekiti wa kijiji, mwingine akasema mwenyekiti ndiye wa kwanza kuiba. Mama mmoja akauliza kama inazuia na mtu kuzeeka. Yalikuwa mahojiano mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata kazini, na mimi nimekaa mkekani kama mama wa posa, sina hata kalamu. Waliendelea mpaka Deus, aliyekuwa amesahaulika kabisa, akakohoa.

Ta Rwechungura akamgeukia. Akamtazama muda mrefu, kisha akatazama kibuyu.

"Watu waliogesha ndizi kidole kwa kidole," akasema. "Kwa ajili ya huyu?"

"Kwa ajili ya huyu," akasema Ta Byabato.

"Nani amemlea?"

Kwa desturi baba mdogo ndiye anayejibu hapo, na alikuwa ameshajiandaa tangu asubuhi. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akasogea pembeni kwenye mkeka, akaninyooshea mkono wazi. Mimi niliyeuliza watu maisha yangu yote, sasa naulizwa mimi. Deus ndiye aliyesema.

"Ni dada."

Ta Rwechungura akamimina kikombe cha kwanza. Kikombe cha kwanza ni cha baba wa kijana. Akanyanyuka mwenyewe, akavuka mkeka, akakiweka mikononi mwangu, na kule mlangoni nikasikia Adela ameanza tena kucheka.

Ilikuwa rubisi mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka Ijuganyondo, chachu, nyembamba, inachoma koo kama dawa ya minyoo. Niliinywa yote, nikalamba midomo, nikaomba niongezewe.